Kabla ya kuchanganya dawa ya mafua na ya maumivu, mjue Dk Livingstone

Kama unaishi Kirumba hapa Mwanza hali hii huhitaji kuelezwa sana. Mchukuzi wa Mwaloni aliyeshinda jana akipandisha magunia ya dagaa kwenye malori anaamka na mafua, kifua kinabana, kichwa kinagonga na mgongo unauma. Hana siku ya kupoteza kwenye foleni ya hospitali, maana asipobeba halipwi. Anapita duka la dawa, anaeleza anavyojisikia, anakatiwa vidonge vya mafua, vya kichwa na vya mgongo, na chupa ya dawa ya kikohozi juu yake. Anameza vyote kwa pamoja na kwenda kazini.

Swali la wiki hii ni moja. Je, anajua ndani ya vidonge vile mna nini?

Ili kulijibu, nakusimulia maisha ya mtu uliyemsoma shule ya msingi. Ni Dk David Livingstone. Wengi tunamkumbuka kwa safari zake, kwa Ujiji na kwa Bagamoyo. Wachache wanakumbuka kwamba alikuwa daktari wa kweli, tena aliyetengeneza kidonge chake mwenyewe cha mchanganyiko, kikaja kuuzwa madukani baada ya yeye kufa.

Mtoto wa kiwandani

Livingstone alizaliwa Machi 19, 1813, katika mji wa Blantyre, Scotland. Nyumba ilikuwa chumba kimoja na familia ilikuwa maskini. Akiwa na miaka 10 aliingizwa kazini katika kiwanda cha nyuzi za pamba. Mchana alifanya kazi, usiku alisoma. Baadaye alijiunga na chuo mjini Glasgow kusomea udaktari, akapata leseni mwaka 1840, na mwaka uliofuata alifika Afrika Kusini akiwa mmisionari.

Mwaka 1844 simba alimrukia na kumvunja mkono wa kushoto. Mkono ule haukupona vizuri maisha yake yote, na utaona mbele jinsi ulivyokuja kutumika. Mwaka 1845 alimwoa Mary Moffat. Kati ya 1852 na 1856 alisafiri hadi Luanda katika pwani ya magharibi, kisha akalivuka bara mpaka Quelimane upande wa Bahari ya Hindi. Njiani, mwaka 1855, aliyaona maporomoko ya Mosi-oa-Tunya.

Lakini adui aliyemsumbua kuliko simba alikuwa homa. Wakati ule hakuna aliyejua kwamba malaria huletwa na mbu. Wageni waliofika Afrika walikufa kwa wingi. Mary mwenyewe alikufa kwa homa Aprili 27, 1862, huko Shupanga kando ya Mto Zambezi.

Kidonge cha vitu vinne

Katika miaka hiyo ya Zambezi, Livingstone aliitangaza dawa yake ya homa. Ndani yake mlikuwa na vitu vinne. Cha kwanza ni kwinini, ambayo ndiyo hasa iliyopambana na malaria. Cha pili ni kalomeli, yaani chumvi ya zebaki, ambayo madaktari wa karne ile waliiamini kuwa inasafisha mwili. Cha tatu na cha nne ni mizizi miwili ya kuharisha, jalapu na rubabu. Vyote vilikandwa kwa kileo kilichotiwa iliki, vikafanywa vidonge vinne.

Vipimo vyake vilikuwa wazi. Katika vidonge vile vinne, kwinini ilikuwa takriban miligramu 200 na kalomeli kiasi hichohicho. Kila mzizi ulikuwa kati ya miligramu 400 na 500. Vidonge vinne vilikuwa dozi kamili ya mwanamume, na kimoja alikiona kinamtosha mwanamke. Wenzake walivipa jina lenye maana ya viamshaji, kwa sababu viliwainua hata waliokuwa wamelala hoi.

Zingatia hapa, msomaji. Mtengenezaji alijua kila kilichomo, uzito wake na mahali pa kukomea. Alipomeza kwinini peke yake siku nyingine, alijua ile iliyomo kwenye kidonge cha mchanganyiko ni ileile. Hakuweza kujidanganya kwamba amemeza dawa mbili tofauti.

Baadaye kampuni ya Burroughs Wellcome ya London ilivitengeneza na kuviuza vidonge hivyo kwa jina la Livingstone. Hapo mambo yalibadilika. Aliyenunua hakuwa yule aliyepima. Aliona jina maarufu kwenye kichupa, akameza. Na kati ya vile vitu vinne, kimoja kilikuwa sumu. Leo tunajua kwamba zebaki huharibu figo na mishipa ya fahamu. Kalomeli hiyohiyo ilitiwa hata kwenye unga waliopakwa watoto wachanga wa Uingereza walipoota meno, ikawadhuru, na iliondolewa humo miaka ya 1950 tu.

Hesabu ya mchukuzi wetu

Sasa rudi kwenye vidonge vya leo. Kitu kinachojificha zaidi ndani ya dawa za mchanganyiko si zebaki tena. Ni paracetamol, dawa nzuri na salama ikitumiwa kwa kipimo chake. Panadol ni paracetamol. Vidonge vingi vya mafua vina paracetamol ndani, pamoja na dawa ya kuzibua pua na ya kuzuia chafya. Vipo pia vidonge vya mgongo na viungo ambavyo ni diklofenaki iliyochanganywa na paracetamol. Kwenye boksi nyingine utaikuta kwa jina la acetaminophen. Ni kitu kilekile.

Mtu mzima mwenye afya hatakiwi kuzidisha miligramu 4,000 za paracetamol katika saa 24. Hivyo ni vidonge 8 vya miligramu 500, kwa kuachanisha walau saa 4 kati ya dozi na dozi. Mwenye uzito chini ya kilo 50, mwenye ugonjwa wa ini, anayekunywa pombe sana au asiyekula vizuri, kipimo chake ni kidogo zaidi na aulize kwanza.

Tumpigie hesabu mchukuzi. Panadol amemeza mbili asubuhi, mbili mchana na mbili usiku. Hizo ni miligramu 3,000. Vidonge vya mafua, tuseme kila kimoja kina paracetamol miligramu 500, amemeza viwili mara tatu. Hizo ni 3,000 nyingine. Kidonge cha mgongo chenye paracetamol miligramu 500 amekimeza asubuhi na jioni. Hizo ni 1,000. Jumla ni miligramu 7,000 kwa siku moja. Hakuvunja maelekezo ya boksi hata moja, lakini ini lake limepokea karibu mara mbili ya kiwango cha juu.

Ubaya wa sumu ya paracetamol ni ukimya wake. Siku ya kwanza mtu anaweza asisikie kitu, au asikie kichefuchefu kidogo ambacho atakihesabu kuwa ni mafua yaleyale. Siku ya pili au ya tatu ndipo maumivu ya upande wa kulia wa tumbo, macho ya njano na kuchanganyikiwa vinapojitokeza, na hapo ini limeshaumia. Dawa ya kuliokoa ipo hospitalini, ila hufanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa 8 tangu kumeza. Kwa hiyo ukigundua umezidisha, usisubiri dalili. Nenda Sekou Toure, Bugando au kituo chochote kilicho karibu nawe, na ubebe maboksi.

Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini nazo zina yao. Ni ndugu wa ukoo mmoja, hivyo usimeze mbili kwa pamoja. Huchubua tumbo, huumiza figo hasa za mtu aliyetoka jasho jingi bila kunywa maji, hupandisha presha na huweza kuamsha pumu. Mwenye vidonda vya tumbo aziepuke, na mjamzito asizimeze pasipo daktari. Aspirini hapewi mtoto mwenye mafua au homa.

Kikohozi bila dawa

Livingstone alirudi Afrika mara ya mwisho mwaka 1866, akapitia Zanzibar na kuingia bara kwa njia ya Ruvuma. Lengo lilikuwa kutafuta chanzo cha Mto Nile. Mwenzake Speke alikuwa ameliona ziwa letu akiwa hapa Mwanza mwezi Agosti 1858 na kusema chanzo ndicho hiki. Livingstone hakukubali. Aliamini kiko kusini zaidi, na Mwanza hakufika kamwe.

Mnamo Januari 20, 1867, wapagazi wawili walitoroka. Kati ya mizigo waliyokimbia nayo lilikuwamo sanduku la dawa zote. Katika shajara yake aliandika kwamba alijiona kama mtu aliyesomewa hukumu ya kifo. Miaka miwili baadaye, Januari 1869, akielekea Ziwa Tanganyika, alishikwa na kikohozi cha usiku na mchana. Makohozi yalikuwa na rangi ya kutu na damu. Hakuweza kusimama wala kuzungumza vizuri. Mfanyabiashara aitwaye Mohamed bin Gharib, ambaye Livingstone alimwandika Bogharib, ndiye aliyemwokoa. Aliamuru abebwe kitandani na kupikiwa chakula, na Livingstone akapigwa chuku kifuani. Alipofika Ujiji mwezi Machi, alikuta mali yake imeibwa na dawa alizotumiwa zimebaki Unyanyembe, safari ya siku nyingi.

Daktari yeyote wa leo akisoma kuhusu makohozi yale atafikiria nimonia. Hata kama Livingstone angekuwa na chupa kumi za dawa ya kikohozi za dukani, zisingemtibu. Dawa hizo hutuliza dalili tu. Hazitibu nimonia, wala kifua kikuu, wala malaria.

Nyingi nazo ni mchanganyiko. Ndani ya chupa moja unaweza kukuta dawa ya kulainisha makohozi ili yatoke na dawa ya kuzuia kukohoa, vitu viwili vinavyovutana. Unaweza kukuta klorofeniramini, ile ya Piriton, inayoleta usingizi. Kwa dereva wa bodaboda, kwa mvuvi wa usiku anayesimama ukingoni mwa mtumbwi, au kwa mchukuzi anayepita kwenye ubao mwembamba na gunia kichwani, usingizi huo unaweza kuua haraka kuliko kikohozi. Ukichanganya na pombe ni mbaya zaidi. Dawa za kuzibua pua hupandisha presha na mapigo ya moyo. Zenye kodeini hujenga uraibu na kupunguza pumzi, na mtoto chini ya miaka 12 hapaswi kupewa.

Kwa watoto, mama na baba mnisikilize. Mtoto chini ya miaka 6 asipewe dawa ya mchanganyiko ya kikohozi na mafua bila mtaalamu kumwona. Paracetamol ya maji ipimwe kwa uzito na umri wake, kwa kifuniko au bomba lililokuja na chupa. Kijiko cha jikoni hakina kipimo kimoja, kila nyumba ina chake. Mtoto aliyepita mwaka mmoja anaweza kupewa kijiko kidogo cha asali kutuliza koo. Chini ya mwaka mmoja asali ni hatari. Mtoto anayepumua haraka, ambaye kifua kinabonyea ndani au anashindwa kunyonya, huyo si wa duka la dawa. Mkimbizeni hospitali.

Na wewe mtu mzima, kikohozi kikifika wiki mbili, kikiwa na damu, kukonda au jasho la usiku, nenda ukapime kifua kikuu. Kipimo na dawa zake hutolewa bure katika vituo vya serikali. Ukiwa na homa, pima malaria kwanza. Paracetamol itashusha joto, utajiona umepona, kumbe vimelea vinaendelea kuongezeka.

Mshumaa wa Susi

Mwishoni mwa 1871 Stanley alimkuta Livingstone Ujiji, akampa chakula na dawa. Nguvu zikamrudia. Walikwenda pamoja hadi Kwihara, Tabora, na Machi 1872 Stanley akaondoka. Livingstone alikataa kurudi kwao. Agosti mwaka huo alianza tena safari kuelekea kusini.

Kulikuwa na jambo alilolibeba kwa miaka. Alisumbuliwa na bawasiri iliyotoka damu. Alipokuwa Uingereza alishauriwa afanyiwe upasuaji, akakataa. Aliendelea kutembea, kuharisha damu na kujitibu mwenyewe kwa sanduku lake. Katika mabwawa ya Bangweulu, nchini Zambia ya leo, mwili ulichoka kabisa. Wenzake walimbeba hadi kijiji cha Chitambo.

Usiku wa mwisho alimwita Abdallah Susi, mtu aliyemtumikia miaka mingi. Alimwomba sanduku la dawa na kumtaka asogeze mshumaa karibu. Susi aliona kwamba bwana wake haoni vizuri. Kwa taabu kubwa Livingstone alitafuta kati ya vichupa, akachagua kimoja. Kilikuwa kalomeli. Aliomba amiminiwe maji kidogo kikombeni, kisha akamruhusu Susi aende kupumzika. Alfajiri ya Mei 1, 1873, walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda, amekwisha kufa.

Sisemi kwamba zebaki ndiyo iliyomuua. Alikuwa mgonjwa sana, na wenzake walipoufungua mwili waliona bonge la damu tumboni, kubwa kama kiganja cha mtu. Ninachotaka ukione ni hiki. Daktari mwenye leseni, aliyeyajua majina na uzito wa kila kitu sandukuni mwake, saa ya mwisho alinyoosha mkono kwenye dawa aliyoizoea. Alikuwa akipoteza damu kwa muda mrefu, na dawa ile haikuwa na lolote la kufanya juu ya damu. Mazoea yalichagua badala ya uchunguzi. Kama hilo lilimpata yeye, mimi na wewe tuna kinga gani tunapomeza kidonge kilekile kila wiki kwa sababu mara ya kwanza kilitusaidia?

Susi, Chuma na wenzao walikausha mwili kwa chumvi na jua, wakauzika moyo chini ya mti palepale Chitambo, na kuubeba mwili kwa miezi mingi hadi Bagamoyo, walikofika Februari 1874. Huko Uingereza ulitambuliwa kwa ule mkono uliovunjwa na simba. Alizikwa Westminster Abbey, London, Aprili 18, 1874.

Fanya haya ukiwa dukani

Kwanza, usikubali vidonge vilivyokatwa vipande bila jina. Vinapokatwa kwa mkasi na kutiwa kwenye karatasi au kifuko, mara nyingi jina, vilivyomo na tarehe ya mwisho vinabaki dukani. Omba kuona boksi. Ukishindwa kusoma, mwombe muuzaji akusomee na akuandikie. Ni haki yako. Nunua kwenye famasi au duka la dawa muhimu lililosajiliwa. Usinunue kwa mtu anayepita na begi sokoni.

Pili, soma kilichomo. Jina kubwa lililo mbele ni la biashara. Tafuta maandishi madogo. Ukiona paracetamol kwenye dawa mbili, chagua moja, nyingine irudishe.

Tatu, tibu kinachouma tu. Kama ni kichwa peke yake, paracetamol peke yake inatosha. Huhitaji kidonge cha mafua chenye vitu vinne kwa tatizo moja.

Nne, mweleze muuzaji magonjwa uliyonayo na dawa unazotumia, hasa presha, kisukari, vidonda vya tumbo, ini, figo, pumu, au kama una mimba au unanyonyesha. Usimpe jirani dawa iliyobaki, wala usipokee ya kwake.

Tano, weka mwisho. Maumivu yakizidi siku 5, au homa ikizidi siku 3, acha kujitibu na uende ukaonwe. Dawa ikikuletea upele, uvimbe wa uso au shida ya kupumua, isimamishe na ukimbilie kituo cha afya mara moja. Ikikupa madhara mengine yoyote, mweleze mhudumu wa afya ili taarifa ifike kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Taarifa yako inaweza kumwokoa mwingine.

Anza leo jioni. Toa dawa zote zilizomo kabatini au kwenye mfuko wa koti, ziweke mezani penye mwanga na usome kila moja ina nini. Zisizo na jina na zilizopita muda wake zipeleke famasi uulize namna ya kuziteketeza.